Mistari Miwili ya Mama Koleta

Anjelina alikuja maabara siku ya Jumanne, siku ya kliniki ya wajawazito, akakaa kwenye foleni kama wengine mpaka zamu yake ilipofika. Sikumtambua. Niliona tumbo la miezi sita, kadi ya kliniki na kitenge cha bluu, nikanyoosha mkono kuipokea kadi, ndipo akasema, "Shikamoo, dada Yusta," kwa lafudhi ile ya watu wa Matombo inayopanda mwishoni, nikainua macho. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa msichana wa kidato cha nne, tena ilikuwa msibani, na tuliachana vibaya bila kugombana. Kabla sijapata la kusema alifungua mkoba, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu katikati ya vichupa vya damu za wenzake. Ndani mlikuwa na kijiplastiki cheupe, urefu wake kama kidole cha kati, chenye kidirisha katikati, kimeanza kugeuka manjano pembeni. "Nilikikuta kwenye kitabu cha sala cha mama," akasema. "Nataka unisomee. Uniambie kinasema nini."

Nilimwambia asubiri nimalize foleni. Uongo mtupu. Mwenzangu Saidi alikuwa chumba cha pili anachezea simu, angeweza kunipokea wakati wowote. Nilitaka muda tu. Anjelina hakubisha, alikwenda kukaa kwenye benchi la dirishani, mikono juu ya tumbo, akawa ananitazama, na mimi nikaendelea kufunga mipira kwenye mikono ya kina mama na kuwaambia "kunja ngumi, mama, hivyo hivyo," huku akili yangu ikiwa imeshapanda mlima kurudi mwaka ule. Nimejizoeza kutoufikiria. Lakini kitu kile kilikuwa mezani, na nilikijua kuliko ninavyokijua kitambulisho changu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimetoka chuo karibuni, na nilijiona najua. Siku hizi nikimwona msichana wa mazoezi anaingia na koti lililopigwa pasi mpaka linakata, anawasahihisha wauguzi waliomzidi umri, namcheka na kumwonea huruma kwa pamoja, maana nilikuwa yeye. Nilipata mkataba wa mwaka mmoja kwenye kituo kidogo cha utafiti kule Bigwa, katika nyumba ya kuishi iliyogeuzwa maabara. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha vipimo. Jikoni zilikaa friza. Chumba cha watoto, ukutani bado kuna bata wa rangi aliyechorwa na mtu asiyejua kuchora, ndicho kilikuwa ofisi ya mzee Mhando, mkuu wetu. Dirisha la nyuma lilitazama milima, na mwaka ule wingu lilikuwa likikaa juu ya Uluguru wiki nzima, halishuki wala haliondoki. Dirisha la mbele lilitazama barabara, na ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi seremala ambaye siku zote alikuwa wa vitanda na makabati. Mwaka ule vitanda aliviacha. Tulisikia randa yake tangu asubuhi, na jioni tuliona kazi ya siku imeegemezwa ukutani, masanduku marefu na mafupi, yanangoja vanishi. Hakuna aliyetia neno. Mzee Mhando alilifunga dirisha la mbele siku moja bila kueleza, tukawa tunafanya kazi na joto.

Watu wa sasa wameanza kusahau tulivyokuwa tukiongea. Ugonjwa haukutajwa jina. Mtu alikuwa na mafua makali, au nimonia, au ile "changamoto ya kupumua," na ukisikia hayo maneno matatu ulijua usiulize zaidi. Nyumba zilinuka mchaichai na mwarobaini kwa ajili ya kujifukiza; nilipopanga chumba, mama mwenye nyumba alikuwa akijifunika blanketi na sufuria yake kila alfajiri, na mimi nasikia kupitia ukutani anavyokohoa mle ndani na kumshukuru Mungu. Kanisani watu walianza kukaa mbalimbali bila kuambiwa. Sokoni mtu akipiga chafya alijitetea: "Ni vumbi hili, jamani, ni vumbi."

Kazi yetu ilikuwa kupima kipimo. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza watu nao wakicheka. Kilikuwa kipimo cha haraka kilicholetwa kwa maboksi kutoka nje: unachoma kidole, unadondosha tone la damu kwenye kitundu, unaongeza matone ya maji ya dawa, unasubiri robo saa. Mstari mmoja ukitokea maana yake kipimo kinafanya kazi. Mistari miwili maana yake damu hiyo ina kingamwili, yaani askari ambao mwili huwabakiza baada ya kupigana na ugonjwa. Kwa hiyo mtu huyu alishaugua korona, hata kama hakujua. Hivyo ndivyo karatasi ya boksi ilivyosema. Sisi kazi yetu ilikuwa kujua kama karatasi inasema kweli. Kila kipimo tulikisoma wawili, mimi na mzee Mhando, kila mmoja na fomu yake, bila kuchunguliana, na ole wako aone jicho lako linahama. Tulihitaji damu za watu waliothibitishwa kwamba waliugua wakapona. Tulihitaji damu za watu wa vijijini ambao hawajui kama waliugua au la. Na zaidi ya zote tulihitaji damu kuukuu, zilizotolewa kabla ugonjwa huu haujakuwepo duniani, ambazo kwa vyovyote vile zilitakiwa kuonyesha mstari mmoja.

Damu kuukuu tulikuwa nazo. Zilijaa friza ya tatu, zimebaki kutoka utafiti wa malaria uliofanyika Matombo miaka ya nyuma. Lakini kuifungua friza hiyo kulihitaji barua ya kibali, na barua ilikwama Dar. Tukasubiri wiki, tukasubiri mwezi. Mvua zilikuwa zinakaribia, na zikishaanza barabara ya Matombo huwa haina mjadala, unabaki hukohuko. Basi mzee Mhando akaamua tugeuze utaratibu. "Tuanze mlimani wakati njia ipo," akasema. "Hizi za friza zitatusubiri, hazina pa kwenda." Akacheka, nami nikacheka. Alikuwa mtu mwangalifu sana, anayekagua kifuniko mara mbili, na huo ndio uzembe pekee niliowahi kumwona akiufanya, kama ni uzembe. Tulipokuwa tunapakia gari alinishika bega. "Yusta, nisikilize. Mtu yeyote asiambiwe majibu yake. Hiki kipimo chenyewe kiko kwenye mtihani, hakijasahihishwa. Hatujui kama ni hodari au ni mwongo." Nikamwambia, "Nimeelewa, mzee." Kuelewa nilielewa.

Kule Matombo padri alitupatia stoo ya misheni. Ilikuwa na magunia ya pilipili manga na karafuu mpaka darini, na hadi leo nikisikia harufu ya karafuu kwenye pilau la watu naisogeza sahani pembeni. Siku ya pili aliingia mama mmoja mnene, mfupi, kilemba chekundu, akasimama mlangoni ananikagua kuanzia viatu. "Wewe ni wa ukoo gani?" Nikamtajia. Akapiga kofi. "Yesu na Maria! Mtani wangu! Ndiyo maana chumba kinanuka!" Watu wote kwenye foleni wakacheka. Nikamjibu kwamba harufu ameingia nayo mwenyewe, atazame kama hakumkanyaga mbuzi njiani, na kwa hilo tukawa tumeshajuana. Kwetu Waluguru, ukoo una ukoo wenzake wa utani, na mtani si wa kuchekana tu. Msiba ukitokea, watani ndio wanaoingia. Wao ndio wanaomwosha maiti na kumvalisha, wao ndio wanaozuia jeneza mlangoni, wanaodai marehemu amekimbia madeni yao, wanaosema uongo wa kila namna ili wafiwa wapate kucheka katikati ya kilio. Mama Koleta alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Na mwaka ule alikuwa amekatazwa.

Aliyemkataza alikuwa bintiye, Anjelina, aliyesimama nyuma yake siku hiyo na sare ya shule, amenuna. Mama Koleta alikuwa na kisukari, na Anjelina alikuwa amesikia redioni kwamba wenye kisukari wakiupata huu ugonjwa ni hatari. "Huyu mtoto ameniweka kizuizini," Mama Koleta akanilalamikia nilipokuwa nafuta kidole chake kwa spiriti. "Watu wanakufa, mimi nimekaa nachambua maharage." Nikamchoma. Hakushtuka. Akasema vidole vyake vimezoea, maana watu wa vipimo walishakuja mwaka ule wa malaria wakawachoma wakawapa vyandarua, na kadi yake anayo bado, namba mia mbili na kumi na nne. "Siisahau. Kwenye daftari letu la kwaya, mia mbili na kumi na nne ndiyo tunayoimba jeneza linapotoka ndani." Niliandika umri wake, nikaweka saa, nikasubiri robo saa yangu. Mistari ikatoka miwili. Wa pili ulikuwa hafifu, lakini ulikuwepo, na fomu yangu na ya mzee Mhando zilikubaliana.

Jioni akanikaribisha kwake. Mzee Mhando alibaki misheni akijaza makaratasi. Jiko la Mama Koleta lilikuwa nyuma ya nyumba, la udongo, lina moshi wa kuni mbichi, nami nilikalishwa kwenye kigoda karibu na moto kwa kuwa kulikuwa na ukungu. Alipika ndizi na maharage kwa nazi, na magimbi pembeni, na akanimenyea doriani lenye harufu ile inayofukuza wageni wa mjini, akifurahi kunitazama ninavyojikaza. Nje wanawake wawili walikuwa wanachambua mboga, wanaongea kwa sauti ya chini, lakini ukuta ulikuwa wa miti na udongo na kila kitu kilipita. Walikuwa wanamsema marehemu wa juma lililopita. "Alioshwa kama sufuria," mmoja akasema. "Wameogopa hata kumgusa uso. Amekwenda na tope masikioni." Mwenzake akasema, "Na hakuna mtani aliyefungua mdomo. Kimya. Kama tunazika mbwa." Mama Koleta alikuwa anakoroga maharage. Mkono ulisimama. Alingoja mpaka wale wanawake waliposogea, akainama, akaniambia kwa sauti ambayo haikuwa na utani hata kidogo: "Mwanangu, huyo alikuwa rafiki yangu tangu kipaimara. Niambie. Mimi kwenye kile kidude nina mstari au sina?"

Nimeshajaribu kujitetea kwa namna zote. Nilimwonea huruma, ni kweli. Nilikuwa nimekula chakula chake. Lakini nikisema ukweli wote, nilipenda pia kuwa mtu mwenye jibu. Mama mtu mzima, bingwa wa vijiji vyote vile, ameinama mbele yangu kwenye moshi anangoja mimi nifungue mdomo. Nikafungua. "Unao, mama. Ulishaugua bila kujua. Umeshapita." Hakushangilia. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akasema, "Basi," akarudi kwenye chungu. Baadaye akaniomba kile kidude chenyewe, akaonyeshe kwa Anjelina. Vyote vilitakiwa kuchomwa moto. Asubuhi yake nikakichomoa kwenye ndoo ya taka za kuchoma, nikakipangusa kwa spiriti, nikampa mlangoni mwa stoo. Alikiweka kifuani, akaniambia nikiolewa atakuja kuiba kuku wote wa harusi.

Barua ya kibali ilifika mvua zikiwa zimeshaanza. Siku tulipofungua friza ya tatu, mvuke wa baridi ulitambaa sakafuni jikoni na mzee Mhando akasema sala fupi kama alivyozoea akianza kazi kubwa. Tuliyeyusha vichupa, tukavipanga, tukadondosha. Robo saa. Niliposoma cha kwanza nilikuta mstari mmoja, vizuri. Cha pili mmoja. Cha tatu miwili. Nikajua nimekosea kudondosha. Nikaendelea, na kila nilipoendelea mistari miwili ilizidi kutokea, hapa kimoja, pale viwili vimefuatana, kwenye damu za watu waliochomwa vidole kabla dunia haijausikia ugonjwa huu. Mzee Mhando alikuwa upande wa pili wa meza anasoma vyake. Nilisikia kalamu yake imenyamaza. Hakuinua uso. Ng'ambo ya barabara randa ilikuwa inakwenda, na dirisha limefungwa, na bado tuliisikia.

Sikuitafuta namba mia mbili na kumi na nne. Nataka hilo lijulikane. Niliifikia kwa zamu yake, safu ya nne ya boksi la pili, maandishi ya kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko, na niliitazama kwa muda kama mtu aliyeona jina lake kaburini. Mikono yangu ilidondosha yenyewe. Robo saa ile nilikwenda uani, nikanawa uso, nikarudi. Mistari miwili. Wa pili hafifu, uleule, mahali palepale. Mstari wa Mama Koleta ulikuwepo miaka yote. Haukuwa na uhusiano wowote na korona. Hakuwa amepita popote.

"Ni malaria, nadhani," mzee Mhando akasema mwishowe, amevua miwani. "Mwili wa mtu wa kule umepigana vita vingi, umejaa askari wa kila aina. Hiki kipimo hakijui kuwatofautisha. Kinaona askari yeyote kinasema huyu ndiye." Alikuwa ameshaanza kuchora mstari mwekundu kwenye fomu. Halafu, bila kunitazama, akauliza: "Yusta, kuna mtu yeyote kule mlimani uliyemwambia majibu?" Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Aliuliza kama anavyouliza nimefunga bomba. Nikaona mkataba wangu, nikaona anavyoniamini, nikaona ile sura yangu ya kujua kila kitu inavyobomoka mbele yake. "Hapana, mzee." Akapumua. "Afadhali. Mtu ukishamwambia yuko salama, kumrudisha ni kazi."

Nilipiga simu ya Anjelina mchana ule wote, haipatikani. Kule mtandao unataka upande mwamba fulani nyuma ya kanisa. Asubuhi nikadanganya tena, nikasema naumwa tumbo, nikapanda bodaboda kwenye mvua. Kule chini tuliuvuka mto maji yakifika kwenye ekseli, dereva ananung'unika kwamba pesa haimfufui mtu. Sikuvaa koti la maabara. Sikuwa na barua wala kitambulisho, maana rasmi nilikuwa kitandani. Tulipoikaribia misheni nikaona watu wengi wamekaa chini ya turubai, na moshi wa sufuria kubwa, na nikasikia kilio, nikajua nimekuta msiba. Alikuwa amefariki mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyekohoa wiki mbili. Changamoto ya kupumua, mtu akaninong'oneza kabla sijauliza. Na mbele ya mlango wa chumba alimolazwa marehemu, kilemba chekundu, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko, beseni la maji miguuni, alisimama Mama Koleta.

Nilipita katikati ya watu na matope yangu, nikapaza sauti. "Mama Koleta! Usiingie! Kile kipimo kilikuwa cha uongo! Nilikudanganya, hujawahi kuugua!"

Wakacheka. Uwanja mzima. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka wakajipangusa machozi, mzee mmoja akapiga goti lake, mtu akasema, "Ehee, mtani ameshafika, sasa msiba umekuwa msiba!" Mama Koleta mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango. "Kama cha uongo nirudishie damu yangu, mwizi wewe! Hata marehemu anataka kukusikia, ngoja nimwamshe." Nikasema, "Mama, sitanii." Wakazidi kucheka, maana hivyo ndivyo mtani anavyosema. Niliangalia huku na huku natafuta uso mmoja wa kunisaidia. Ningekuja na mzee Mhando, na gari la kituo, na koti jeupe, na karatasi yenye mhuri, uwanja ule ungenyamaza. Nilikuja peke yangu, nimelowa, na kwao nilikuwa mtu mmoja tu: yule anayeruhusiwa kusema uongo siku kama hiyo. Mama Koleta akainua beseni lake akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Sikuubomoa ule mlango. Nilikaa mkekani nikapewa sahani ya ugali na maharage, na nilikula; najua nilikula kwa kuwa nakumbuka chumvi ilizidi. Ndani nilisikia maji, na sauti yake akimwambia marehemu ageuke, asijifanye mzito, kwani aliwatesa watoto wa watu kwa fimbo miaka yote hiyo na leo ni zamu yake kutii. Watu nje wakacheka kwa machozi. Alikaa humo muda mrefu. Alimwosha vizuri.

Alipotoka kunawa nyuma ya jiko nilimfuata, nikamshika mkono uliolowa, nikamweleza yote taratibu, damu kuukuu, friza, namba mia mbili na kumi na nne. Safari hii hakucheka. "Sasa ndiyo unaniambia," akasema. "Nikiwa nimeshanawa." Nikaanza kulia, akaniambia ninyamaze, watu watajua. Akafikiri. Halafu akasema, "Anjelina asiambiwe. Nitamtoa nyumbani mimi mwenyewe."

Siku ileile alimgombeza Anjelina kwa sababu ya sufuria iliyoungua, akamtukana matusi makubwa, akamfungia nguo zake kwenye mfuko, akamwambia aende kwa mjomba wake Kingolwira na asirudi mpaka aitwe. Hayo nilikuja kuyasikia kwa watu. Alianza kukohoa kabla wiki ya pili haijaisha. Alijifungia, chakula kikawa kinawekwa dirishani. Hakuna aliyempima pua. Hakukuwa na wa kumpima. Kwa hiyo sijui, na sitajua, kama aliupata kwa mwalimu yule au aliupata kwingine, au kama ulikuwa ndio wenyewe. Wenzangu wa maabara wakitaka kunifariji hunikumbusha hilo. Halinifariji.

Kwenye mazishi yake walinitafuta: mtani wake ni wewe. Niliingia na boksi la glovu kutoka kituoni na wanawake wawili, nikamwosha, uso, masikio, vidole vyote, na kile nilichokichoma. Alikuwa mwepesi. Tulipotoka nje watu walinyamaza wakiningoja, kwa kuwa mtani lazima aseme neno, na bila neno lake jeneza haliendi. Sikuwa na utani wowote mwilini. Nikafungua mdomo nikasema kilichokuwemo. "Mimi ndiye niliyemuua huyu mama."

Wakacheka. Walicheka kwa shukrani, jamani, walikuwa wamekosa kucheka siku tatu, na mmoja akaitikia, "Basi lipa faini, muuaji, leta mbuzi!" Kwaya ikaanza kuimba ule wimbo wao, jeneza likanyanyuliwa. Katikati ya vicheko vile nilimwona Anjelina aliyeletwa na mjomba wake. Alikuwa ananitazama, na yeye peke yake hakucheka.

Mzee Mhando nilimwambia siku iliyofuata, nikiwa nimesimama chini ya yule bata wa ukutani. Hakunifokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Gari lilikuwa na mafuta siku ile, Yusta." Baada ya hapo alipanda mwenyewe Matombo na barua yenye mhuri, akazunguka kijiji hadi kijiji kuwaeleza watu kwamba kipimo kile kilianguka mtihani, na watu walimsikiliza. Mkataba wangu ulipoisha hakuuongeza. Sikumlaumu, na hata alipostaafu nilikwenda kumsalimia.

Foleni iliisha. Wa mwisho alikunja mkono wake na pamba akatoka, nikabaki na Anjelina. Alikuja akakaa kwenye kiti cha kutolea damu, akapandisha mkono wa gauni lake tayari, na kidole cha mkono mwingine akakisogeza kile kijiplastiki karibu yangu. Nikakichukua. Mistari bado ilionekana, wa kwanza umekolea, wa pili hafifu.

"Kina mistari miwili," nikasema. "Nilimwambia mama yako maana yake alishaugua na hatari imempita. Haikuwa kweli. Nilijua hairuhusiwi kumwambia, nikamwambia, na yeye akaingia kuosha maiti kwa sababu yangu."

"Kwa hiyo siku ile pale nje hukuwa unatania."

"Sikuwa natania."

Akatikisa kichwa polepole. "Na mama? Alijua?"

"Nilimwambia siku aliyomwosha mwalimu, baada ya kutoka. Alijua. Alikufukuza ili usikae naye nyumba moja. Ile sufuria haikuwa na neno."

Hapo ndipo uso wake ulipoanguka. Alilia bila sauti, mkono mmoja juu ya tumbo, nami sikuthubutu kumgusa. Kumbe miaka yote ile alikuwa amebeba matusi ya mama yake kama neno la mwisho. Alipomaliza alijipangusa kwa leso ileile, akakifungia ndani kile kipimo, akakirudisha mkobani. Nikavaa glovu mpya, nikachukua mpira wa kufungia mkono, nikamwambia kwa mazoea tu, "Kunja ngumi."

Anjelina akaushusha mkono wa gauni lake mpaka kwenye kiganja. "Asante kwa kuniambia, dada Yusta," akasema, kwa adabu kabisa. "Lakini damu yangu achukue mtu mwingine."

Nikavua glovu, nikaenda mlango wa pili kumwita Saidi.